Kava za santuri za zamani: kweli zina mvuto, au ni ushamba wangu tu?

Binti wa Sinza (Dar es Salaam)

Habari za humu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mjomba wangu amehama Tabora, ameenda kukaa na wanawe Dodoma. Kabla hajafunga mizigo akanipigia: "Mpwa, wewe si ndiye mambo yako ya kuchora? Kuna sanduku la santuri huku. Usipolichukua nampa muuza karanga." Nikamwambia alitume. Limekuja na basi, lile sanduku la bati la bweni, kufuli halina ufunguo. Ndani sijui mtu mmoja aliwezaje kuvipenda vyote hivyo: Wakongo wengi, Mbaraka Mwinshehe, Jim Reeves wa kutosha, Boney M, nyimbo za filamu za Kihindi, na kwaya moja ya Wajerumani ambayo mjomba mwenyewe anasema haijui ilifikaje.

Mashine ya kuzipigia sina. Kazi yangu ni kutengeneza matangazo, vibandiko na kadi za harusi, kutwa niko mbele ya kompyuta. Basi nikazipanga sakafuni sebuleni nikawa naziangalia tu. Wali ukaungua jikoni, sina habari.

Kuna moja ya bendi ya Kikongo: jamaa watano wameegemea gari la rangi ya chungwa, suruali zimepanuka chini mpaka hazionyeshi viatu, na jina la bendi limekatiza katikati ya mbingu kwa herufi nene za manjano. Kwa sheria zote nilizofundishwa chuoni, ile ni takataka. Herufi zimebanana, picha imeinama, rangi zinapigana. Na siwezi kuacha kuiangalia. Zangu za kwenye kompyuta zimenyooka kila kitu na hakuna mtu anayezitazama mara mbili.

Mwenzangu ofisini anasema ninaona raha kwa sababu ni vya kale, basi. Lakini mimi nimezaliwa 1996. Nitakumbuka nini hapo?

Nisaidieni. Ni nini hasa kilichozifanya zivutie hivi? Halafu nataka kutundika chache ukutani, nifanyeje zisiharibike? Na jambo la mwisho: mjomba ameandika kwa kalamu juu ya nyingi, mbele na nyuma. Nifute au niache?

Kiroboto (Morogoro)

Picha dada. Uzi kama huu bila picha ni sawa na harusi bila pilau.

Santuri Mkononi (Nairobi)

Boney M unauza?

Mzee wa Pleti (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Huyo mwenzako wa ofisini asikusumbue.

Mimi si mwanamuziki, hata kuimba msikitini nilikatazwa. Ila miaka ya sabini na mwanzo wa themanini nilikuwa chumba cha pleti, yaani bamba za kuchapia, katika kiwanda kimoja cha uchapaji Nairobi, eneo la viwandani. Kazi yetu kubwa ilikuwa lebo za mikebe, kalenda na vitabu vya shule. Kava za santuri ziliingia katikati, na ikiingia ya santuri sote tulikuja kuangalia, hata karani wa mishahara.

Anza na ukubwa. Kava ya LP, ile santuri kubwa ya nyimbo nyingi, ni sentimita 31 na ushee kila upande, tangu kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa LP ya inchi 12 mwaka 1948. Ukiipiga picha ya kichwa, uso unatoka karibu sawa na uso wa mtu aliye hai. Muuzaji aliitundika kwenye kamba dukani na mtu aliye ng'ambo ya barabara akamjua nani huyo. Wewe leo unachora kitu ambacho kitatazamwa kwenye simu kikiwa na ukubwa wa stempu. Lazima uondoe, uondoe, ubakize alama moja. Aliyechora kava alikuwa na nafasi ya kuweka gari, jamaa watano, mbingu, na bado pakabaki mahali pa kuandika bei.

Sasa tafuta kioo cha kukuzia uitazame ile ya gari la chungwa. Utaona hakuna chungwa. Kuna nukta za manjano na nukta za majenta, ule wekundu wa waridi, zimelala pamoja, jicho lako ndilo linalochanganya. Picha ya rangi inatengwa mara nne: siani (ile bluu), majenta, manjano, nyeusi. Filamu nne, pleti nne. Pleti moja ikisogea nusu milimita, mdomo wa mwimbaji unapata mdomo wa pili, mwekundu, pembeni. Nenda katazame, nina hakika utauona kwa mmoja wa hao watano. Wewe unauita mvuto. Sisi msimamizi alituita ofisini.

Pleti nne ni pesa. Mteja mwenye mfuko mwembamba alisema nipe nyeusi na rangi moja nyingine, basi. Usizidharau hizo. Tulichukua picha ya nyeusi na nyeupe, tukamwaga kijani au nyekundu tupu nyuma yake, na kwa kuwa hakuna kingine cha kuchezea, mtu alikaa asubuhi nzima akisogeza jina la bendi juu na chini mpaka likae. Kazi nzuri nilizoziona zilikuwa za rangi mbili.

Herufi nazo. Tulikuwa na Letraset, karatasi za herufi za kusugua. Unaiweka juu ya mchoro, unasugua kwa mgongo wa kijiko, herufi inashika. Karatasi zile zilipangwa kwa Kiingereza: E zimejaa tele. Kiswahili kinakula A! Andika "Mapenzi Yananitesa Mama" uone. A zikiisha tulichukua V, tukaigeuza kichwa chini, tukachora kijiti katikati kwa kalamu ya wino. Ukiona kava ya zamani ambayo A moja haifanani na ndugu zake, umeshajua.

Jambo jingine ambalo vijana hamlijui: muziki wetu mwingi haukuwa na kava kabisa. Soko la Afrika Mashariki lilikuwa la santuri ndogo, 45 (mizunguko 45 kwa dakika), inchi 7. Zilikaa kwenye bahasha ya karatasi yenye tundu katikati na jina la kampuni limechapwa juu yake. Bahasha hiyo hiyo leo imebeba Morogoro Jazz, kesho imebeba taarabu, keshokutwa Kikamba. Kilichotofautisha ni lebo ya duara pale katikati, unayoiona kupitia tundu. Na kabla ya hapo, kwenye santuri za zamani za mizunguko 78, ndivyo hivyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, uso wake haukuchapwa mbele ya santuri. Kilichokuwapo ni nembo ya kampuni, mbwa anayesikiliza gramafoni. Sauti ya Unguja, picha ya mbwa wa Kiingereza.

Kwa hiyo LP yetu yenye picha kamili mara nyingi ilikuwa mkusanyiko: nyimbo zimeshatoka kwenye santuri ndogo, zimependwa, ndipo kampuni inazitia pamoja. Mbaraka alipofariki kwa ajali hapa Mombasa Januari 1979, zilitoka LP za mfululizo wa Ukumbusho. Angalia kama mjomba anazo.

Halafu kumbuka bendi za Tanzania zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikatengenezwa Nairobi, maana huko kwenu kiwanda cha kuzitoa hakikuwapo. Maana yake, aliyepanga kava hakuwahi kuiona bendi. Mimi nimewahi kuletewa orodha ya nyimbo na picha moja ya pasipoti, ina muhuri kwenye kona, nikaambiwa ijaze kava nzima. Tukaikuza mpaka nukta zikawa nene, tukauficha muhuri chini ya jina. Ikatoka ya kutisha, na ikauzwa.

Mtu wa Takwimu (Arusha)

Mzee heshima yako, lakini tusidanganyane hapa. Nyingi zilikuwa mbaya. Baba yangu anazo kabati zima. Mwimbaji amesimama mbele ya pazia, pembeni chungu cha maua ya plastiki, mikono ameikunja, anaangalia kamera utadhani anadaiwa. Zinazofuata tisa ni hivyo hivyo. Tunazisifu kwa sababu zile mbovu zimeshatupwa na zimebaki nzuri. Hata picha za sasa, subirini miaka hamsini, mtaziita sanaa.

Na dada, muziki ni wa kusikiliza. Nunua mashine.

Mzee wa Pleti (Mombasa)

Hicho chungu cha maua nakijua. Kilikuwa cha mpiga picha. Pazia hilo hilo lilipigiwa maharusi Jumamosi na mtoto wa arobaini Jumapili, Jumatatu ikaja bendi. Umesema kweli, zilikuwapo mbovu kwa gunia.

Ila rudi kwenye kabati la baba yako ukatazame viatu. Jamaa amekodi suti, imembana mabegani, lakini viatu amevipiga rangi mpaka taa ya studio inaonekana kwenye ncha. Alijua picha hii itafika Kigoma, Kisangani, Kampala, mahali ambapo yeye hatafika. Ndiyo maana anakutazama vile. Anadaiwa, ndiyo, pengine na fundi wa suti. Picha za sasa msanii anapigwa mia mbili asubuhi moja, anachagua baadaye. Huyu alikuwa na filamu ya picha kumi na mbili na mpiga picha anayehesabu.

Kwamba zitasifiwa zenu baada ya miaka hamsini, huenda. Lakini zitasifiwa wapi, na zimo ndani ya simu zilizokufa?

Mama Hamza (Leicester)

Assalam aleikum nyote. Nimesoma mpaka chai imepoa.

Binti, hiyo ya sheria za chuoni kuvunjwa na bado kitu kikavutia, mtafute Ghariokwu Lemi wa Lagos. Alijifundisha mwenyewe kuchora. Akaanza na mwanamuziki Fela Kuti mwaka 1974 akiwa bado kijana sana, akamfanyia kava 26. Kijana wangu anazo kadhaa na mimi ndiye ninayezifuta vumbi. Ukizishika unahitaji saa nzima: kila kona kuna mtu anafanya jambo, polisi wanapiga, mwanamke anacheka, kuna maandishi madogo ya mchoraji mwenyewe akitoa maoni yake. Ile ya mwaka 1989, Beasts of No Nation, amewachora wakubwa wa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini ya makaburu, Thatcher, Reagan na Botha, wana pembe. Pembe kabisa. Hakungoja ruhusa ya mtu. Mchoraji wa namna ile haipambi santuri, anabishana pamoja na mwimbaji.

Na upande wa pili kabisa, alichosema Mzee kuhusu rangi mbili, tazama Blue Note, kampuni ya santuri za jazi ya New York. Picha za Francis Wolff, mpangilio wa Reid Miles, miaka ya hamsini mwishoni na sitini. Nyeusi, nyeupe na rangi moja, herufi kubwa kuliko mwanamuziki. Miles aliikata picha ya mwenzake bila huruma, akabakiza nusu ya uso au mkono na sigara, na Wolff alikuwa akinung'unika. Halafu Miles hakuwa mpenzi wa jazi! Alisikiliza klasiki. Aliambiwa tu muziki ulivyo, akaenda kupanga. Kwa hiyo Mtu wa Takwimu, "muziki ni wa kusikiliza" ni kweli, ila aliyezifanya kava za jazi zinazoigwa mpaka leo hakuwa akikesha na hizo santuri.

Kuhusu kutundika: jua ndilo adui. Kinyozi wa hapa mtaani ametundika kava dirishani, viangazi viwili tu, na waimbaji wote wamekuwa wa bluu.

Mzee wa Pleti (Mombasa)

Majenta na manjano hukimbia kwanza, siani na nyeusi hubaki. Ndiyo sababu ya huo ubluu. Haurudi tena, hata uende kwa mganga.

Santuri Mkononi (Nairobi)

Sawa, acheni nijibu la maana maana hii ndiyo biashara yangu, nauza santuri.

Ukutani: usitundike ya asili. Ipige picha vizuri, chapisha, tundika nakala. Skana ya kawaida ya A4 haitoshi, kava inazidi pande zote mbili, utalazimika kuiskani vipande vinne na kuviunga. Rahisi zaidi itoe nje mahali penye kivuli, siku ya mawingu, ilaze chini, simu iwe sambamba nayo kabisa. Usitumie flashi. Ukitaka lazima ya asili, basi fremu yenye kina, ukuta usiopigwa na jua, na toa santuri ndani kwanza. Gundi, pini na selotepu nikikuta kwenye kava sinunui. Selotepu inakauka inaacha doa la rangi ya chai ambalo halitoki.

Kuhifadhi: zisimame wima kama vitabu, wala usizilaze moja juu ya nyingine. Usizibane. Lile duara lililochubuka unaloliona katikati ya kava nyingi ni santuri ya ndani inasugua karatasi kutoka upande wa pili kwa sababu ya kubanwa. Sanduku la bati liweke juu ya mbao, lisiguse sakafu, na Dar unyevu utakuletea ukungu, kwa hiyo usifunge mfuniko moja kwa moja. Mende wanapenda gundi ya maungio, weka macho.

Kusafisha: kwanza jua ni kava gani. Za Uingereza za miaka ya hamsini na sitini mara nyingi mbele zina laminesheni, ule utando wa plastiki unaong'aa, na kwa nyuma utaona mikunjo imebandikwa juu. Hizo mbele unaweza kupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Za Marekani za zamani ni karatasi imebandikwa juu ya kadibodi nzito. Hizo na za kwetu zisizo na laminesheni, maji hapana. Kifutio cheupe cha penseli, taratibu, maeneo meupe tu.

Maandishi: yanashusha bei. Lakini kufuta kalamu kunashusha zaidi, maana unaondoka na wino na ngozi ya karatasi. Acha.

Boney M?

Binti wa Sinza (Dar es Salaam)

Wakuu ahsanteni sana, sikutegemea. Mzee wa Pleti, nimeazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa wa mtaani. Jamaa wa pili kutoka kushoto ana midomo miwili. Nimecheka peke yangu. Na nimeikuta A ya kugeuzwa, kwenye LP ya kwaya ya hapa kwetu iliyokuwa imejificha ndani ya kava ya filamu ya Kihindi.

Ukumbusho zipo, mbili. Moja imechubuka duara kama alivyosema Santuri Mkononi, picha ya Mbaraka imezungukwa na pete nyeupe.

Kuhusu maandishi, niwape yalivyo, maana nilikuwa nimewaeleza nusu. Mbele ni jina tu na "Tabora", na kwenye baadhi "UKIAZIMA RUDISHA". Lakini nyuma, kwenye orodha za nyimbo, kuna alama za penseli. Wimbo una tiki moja, mwingine tiki mbili, mwingine umekatwa na kuandikwa "si kabla ya saa 4". Mmoja wa Jim Reeves una neno "kufunga". Na nyimbo ndefu za Wakongo, karibu zote, zina herufi M imezungushiwa duara.

Nikampigia mjomba. Kumbe kabla ya kuajiriwa alikuwa akipiga santuri Jumamosi kwenye baa moja karibu na stesheni. Tiki ni idadi ya watu kuinuka kucheza. Jim Reeves ilikuwa ya kufungia, ikipigwa hiyo wanajua bili inakuja. Nikamuuliza M ni nini, mapenzi? Akanyamaza kidogo, akasema: "Msalani, mpwa. Upande mzima wa santuri wimbo mmoja, ndipo napata nafasi ya kwenda."

Sifuti hata nukta moja. Nitapiga picha mbele na nyuma, na zitakazokwenda ukutani ni za nyuma.

Mama Hamza (Leicester)

Huyo mjomba apewe kiti cha mbele.

Mtu wa Takwimu (Arusha)

Nimeangalia viatu. Sina la kusema. Ila chungu cha maua kipo kwenye kava tatu za bendi tofauti, nimehesabu.

Mzee wa Pleti (Mombasa)

Binti, igeuze ile ya gari la chungwa. Chini kabisa nyuma, aghalabu kona ya kushoto au katikati, mchapaji huweka jina lake kwa herufi ndogo sana, pengine na mji. Tumia hicho kioo cha fundi saa kabla hajakidai. Ukiliona niandikie hapa, nataka kujua kama ni sisi.

Santuri Mkononi (Nairobi)

Nami nikumbuke kwa Boney M. Na hizo zenye M nazinunua bei ya kawaida, sipunguzi.